Kiini cha seli si kiini cha yai

Ndugu Mhariri,

Nimesomesha biolojia miaka 28 kisiwani Pemba. Sasa nimestaafu, nasomesha watoto wa jirani barazani kwangu hapa Wete baada ya alasiri.

Wiki iliyopita nilimwambia mwanafunzi wa kidato cha kwanza anichoree seli. Akachora yai. Duara kubwa, na duara la manjano katikati, akaandika "kiini". Nikamuuliza kazi yake. "Ndiyo chakula cha seli, mwalimu." Simlaumu hata kidogo. Lugha yetu imevipa vitu viwili jina moja, na sisi tuliomsomesha hatukumtenganishia.

Yale manjano ya yai ni akiba ya chakula. Vinasaba, yaani maagizo ya urithi, vimo katika ile nukta ndogo nyeupe iliyokaa juu yake. Kiini cha seli ni hazina ya maagizo: kimezungukwa na utando wa tabaka mbili wenye matundu mengi, na matundu hayo huchagua cha kupitisha. Ndani ya kiini cha seli ya binadamu mna kromosomu 46, vifurushi vinavyobeba vinasaba. Nyuzi zake za DNA, ambamo maagizo hayo yameandikwa, zikinyooshwa na kuunganishwa zinafika kama mita 2, nazo hazikusokotana ovyo. Zimezungushwa kwenye protini kama mvuvi anavyozungusha mshipi wake kwenye kibao.

Herufi moja ya maagizo ikibadilika katika uzi huo, mtu anaweza kurithi selimundu, maradhi ya chembe nyekundu za damu ambayo familia nyingi visiwani zinayajua. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, lakini maagizo yaliyoiunda yalitoka kwenye kiini. Mtoto anayedhani kiini ni chakula ataelewaje kwamba baba na mama wenye afya zao wanaweza kumzaa mgonjwa?

Skuli moja niliyosomesha, hadubini, chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho, ilifungiwa kabatini kwa kuchelea watoto wasiivunje. Miaka ikapita. Na kinachotakiwa ni kidogo mno: ngozi nyembamba ya kitunguu maji, kipande cha kioo cha kuiwekea na tone la iodini. Siku nilipopewa ufunguo, watoto walishangaa kuona kiini kimesukumwa pembeni mwa seli, si katikati kama kitabuni. Mmoja aliniuliza kama kimeharibika. Swali hilo lilinifurahisha kuliko majibu yote ya mtihani.

Nawaomba wakuu wa skuli wenye hadubini wazitoe muhula huu. Vitunguu nitaleta mimi.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba