Kikomo cha samaki kiondolewe kabla hawajafa

Ndugu Mhariri,

Katika maziwa yenye kina kifupi ya Minnesota, Marekani, theluji nzito juu ya barafu huzuia mwanga. Mimea huacha kutoa oksijeni, na mabaki yanayooza chini huimaliza iliyopo. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hufa; aina ya blugili hutangulia, aina ya paiki hustahimili zaidi.

Jimbo huwaruhusu wakazi kuvua bila kikomo cha idadi ya samaki katika ziwa lililo hatarini. Ni uamuzi mzuri, ila ukichelewa watu wataambulia mizoga. Oksijeni ipimwe mapema, mbali na vijito, maji yasikorogwe wakati wa kutoboa barafu maana kipimo kitadanganya. Barafu ikiyeyuka, kikomo kirudishwe: samaki waliosalia ndio watakaozaa.

Msomaji wako