Pimeni mizigo kabla ya kukodi stoo

Mhariri,

Wengi wanaohama nyumba hapa Mombasa na kukodi stoo kwa muda huchagua chumba kwa macho. Siku ya kupakua, kabati linabaki nje na mahamali wanasubiri malipo. Wengine kwa hofu huchukua chumba kikubwa mno, wakalipia nafasi tupu kila mwezi. Hesabu yake ni nyepesi.

Pima kila kitu kwa futi: urefu mara upana mara kimo. Sofa ya watu 3 yenye futi 7 kwa 3 kwa 3 ni futi za ujazo 63. Tuseme sofa mbili ndogo ni 54, kabati la nguo 48, meza na viti 40, godoro na kitanda kilichofunguliwa 30, friji 22, jiko la gesi 12, na maboksi 20 ya futi za ujazo 3 kila moja, 60. Jumla 329.

Sasa gawanya kwa 6, yaani kimo cha kurundika kwa futi, hata kama dari liko futi 8, maana vyombo vya nyumbani vikirundikwa hadi juu vya chini hupondeka. Utapata futi za mraba 55. Ongeza robo yake kwa ajili ya njia na hewa: karibu 69. Chumba cha futi 5 kwa 10 hakitoshi, cha 10 kwa 10 kimezidi. Nusu ya kontena la futi 20, ambalo ndani ni takriban futi 19 kwa 7 na nusu, inatosha barabara.

Robo hiyo ndiyo watu hukimbilia kuikata, na kwa unyevu wetu wa pwani ni kosa kubwa. Kontena likichomwa na jua mchana kisha likapoa usiku, mvuke hugeuka matone kwenye bati la juu, yakadondokea mizigo. Sofa iliyoegemea ukuta huota ukungu upande huohuo. Acha nusu futi kutoka ukutani, tandika mbao chini, funika godoro kwa shuka badala ya nailoni. Friji likaushwe kabisa, na mlango uzuiwe kwa kitambaa usijifunge. Likifungwa na maji ndani, harufu yake haitoki kwa sabuni.

Pima na mlango pia. Wa futi 2 na nusu hauingizi sofa ya futi 3 mpaka ifunguliwe miguu na kulazwa ubavu, na nyingine haziingii kabisa.

Wenye stoo nao tunawaomba waache kutangaza "nafasi kubwa". Waandike urefu, upana na kimo cha ndani, pamoja na upana wa mlango.

Wapakiaji mizigo,
Mombasa