Mashine ya Boti Inawaka kwa Choki Tu? Usikimbilie Kabureta Mpya

Kusi akishatulia na boti kuanza kurudi majini, karakana yetu hujaa mashine zenye ugonjwa mmoja. Mteja anashusha mashine yake ya Yamaha Enduro ya miaka mingi na kusema: "Fundi, kuwaka inawaka, ila nikirudisha choki tu inazima." Mara nyingi keshaulizia na bei ya kabureta mpya, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Tunamwomba asubiri kwanza.

Choki ni kibati kidogo cha duara kinachoziba mdomo wa kabureta. Ukiivuta, hewa inabanwa na petroli inafyonzwa kwa wingi, jambo ambalo mashine ya baridi inalihitaji ili iwake. Ikishanguruma, choki inarudishwa. Sasa mashine iliyokwisha kupata moto lakini bado inaidai choki, ujue mafuta hayaifikii ya kutosha, au inavuta hewa mahali isipopaswa.

Wapo manahodha waliokwisha kuizoea hali hiyo, wanakwenda kuvua na choki imevutwa nusu. Jamani, acheni. Mashine hizi za kuchanganya hazina oili yake pembeni; oili inaingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua, na oili imepungua. Pistoni inachemka, inakwaruza silinda, mwisho inakamata, na huenda mko mbali na nchi kavu. Gharama ya kusafisha kabureta haikaribii hata kidogo ile ya pistoni na kuchonga silinda.

Kabla ya kushika bisibisi, anza na tangi. Kwenye kifuniko chake kuna skrubu ndogo ya hewa. Ikiwa imefungwa, mashine itakwenda vizuri dakika kadhaa kisha itakata, kwa sababu mafuta hayawezi kutoka bila hewa kuingia. Tumewahi kupokea mashine iliyobebwa kutoka mbali kwa ajili ya skrubu hiyo, na mwenyewe alicheka kwa uchungu. Kisha mimina petroli kidogo kwenye chupa nyeupe, uiache itulie. Maji hukaa chini na utayaona yamejitenga. Petroli ya madumu, hasa iliyokaa, ina maji mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kipimo kingine hakigharimu kitu. Mashine inapoanza kufifia, mwenzako aminye ile pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta. Ikipata nguvu ghafla, kabureta huenda haina kosa. Angalia mpira uliopasuka, viungio vinavyovuta hewa, au dayaframu (utando laini) ya pampu ya mafuta iliyochoka. Kama pampu ya mkono yenyewe inanywea na hairudi, kuna kizuizi upande wa tangini.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo tunafungua kabureta. Kwa mashine iliyolala miezi na mafuta ndani, tunajua tutakachokuta: utando wa kahawia unaonata chini ya bakuli la kabureta, na pengine unga mweupe palipokaa maji ya chumvi. Tundu la jeti (kijibomba kinachopima petroli) ya mwendo wa taratibu ni dogo mno, na ndilo huziba kwanza. Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu. Wanachomoa uzi wa waya wa breki ya baiskeli na kuutia kwenye jeti. Jeti ni shaba laini. Ukiipanua kidogo tu, kipimo chake kimekwisha, na kuanzia siku hiyo mashine inakunywa mafuta ovyo. Sisi tunaloweka, tunapuliza kwa upepo wa kompresa, kisha tunabadilisha gasketi na sindano ya floti, yaani ile inayofunga petroli boya la ndani ya bakuli linapopanda. Skrubu ya hewa ya kabureta tunaikaza taratibu mpaka igote, huku tukihesabu mizunguko, ndipo tuitoe. Bila hesabu hiyo, kuirudisha ni kubahatisha.

Kuna na ugonjwa wa upande wa pili: moshi mzito, plagi nyeusi iliyolowa, petroli inachuruzika kabureta. Hapo choki imeganda kwa chumvi ikiwa imefunga, au sindano ya floti haizibi. Kwenye mashine yenye kabureta zaidi ya moja, angalia kijiti kinachounganisha choki zake. Kipande cha plastiki kikikatika, moja inafunguka na nyingine inabaki imeziba.

Kazi ikiisha tunaijaribu kwenye pipa la maji mbele yako, ikiwa baridi na ikiwa imepata moto, na bei unaambiwa kabla hatujafungua nati hata moja. Ila ukija, usilete mashine peke yake. Leta na tangi lako, na mpira wake, na mafuta yale yale uliyokuwa ukitumia.