Msinyamazishe feni ya kompyuta, safisheni njia ya hewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme neno kuhusu kompyuta mpakato zinazopata moto na kuvuma kwa feni mara tu kijana anapofungua mchezo wa video. Nimetengeneza kompyuta hapa Kampala kwa miaka mingi, na ninasikitika kuona mashine nzuri zikiharibika kwa sababu ya ushauri mbaya unaotolewa na baadhi yetu mafundi. Mteja analalamika kwamba kelele zimezidi, na fundi, badala ya kuuliza joto linakwama wapi, anaweka programu ya kupunguza mwendo wa feni, au anachomoa waya wake kabisa, kisha anamrudishia mwenye mali kompyuta iliyo kimya. Mteja hulipa na kuondoka akiwa ameridhika, ilhali joto lililokuwa likitolewa nje sasa linabaki ndani, likiunguza betri, bodi kuu na kila kilicho jirani nayo.

Ni vizuri wasomaji waelewe joto hilo linatoka wapi. Prosesa, yaani kipande kilicho ubongo wa kompyuta, katika kompyuta nyembamba ya kazi za ofisini kwa kawaida imepangiwa kutumia wati 15 hivi, lakini ile ya kompyuta ya michezo huanzia wati 45, na kwa vipindi vifupi hupanda juu zaidi ya hapo. Kadi ya grafiki, ambayo ndiyo inayochora uwanja, wachezaji na nyasi kwenye kioo, nayo ina matumizi yake, na katika mashine zenye nguvu inaweza kupita wati 100. Karibu umeme wote huo huishia kuwa joto, ndani ya kasha ambalo unene wake haufiki sentimita tatu. Ili kuliondoa, watengenezaji huweka mirija ya shaba yenye kimiminika kidogo ambacho hugeuka mvuke upande wa prosesa, kikasafiri hadi kwenye mapezi membamba ya chuma yaliyo pembezoni, kikapoa hapo na kurudi kilikotoka. Feni ndiyo inayopuliza hewa kati ya mapezi hayo na kuitoa nje. Mtu anapocheza mchezo mzito, kwa hiyo, feni lazima izunguke kwa kasi na lazima isikike.

Feni ikishindwa, prosesa hujilinda yenyewe. Nyingi za kampuni ya Intel zina kikomo cha nyuzi joto 100 za Selsiasi, na za kampuni ya AMD hukomea kati ya 95 na 105 kutegemea aina. Zikikifikia hujipunguzia kasi, na mchezo uliokuwa ukienda vizuri huanza kukwamakwama. Joto likiendelea kupanda, kompyuta hujizima ghafla. Ninajua vijana walioambiwa kwamba hiyo ni virusi, wakafutiwa kila kitu na kuwekewa Windows upya, na jioni yake mashine ikazima tena palepale.

Mazingira yetu huongeza uzito wa jambo hili. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na hewa ya Mombasa au Dar es Salaam, hivyo feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile huondoa joto pungufu. Wenzetu wa Gulu na Lira hucheza katika vyumba vinavyozidi nyuzi 30 mchana wa Januari na Februari. Lakini adui mkubwa kuliko hayo yote ni vumbi. Anayeishi kando ya barabara isiyo na lami, pale boda boda zinapopita kuanzia alfajiri, anajua jinsi meza inavyokuwa nyekundu muda mfupi baada ya kufutwa, na feni ya kompyuta inavuta hewa hiyohiyo saa zote inapowaka.

Vumbi hilo huchanganyika na nyuzi za nguo na za blanketi, likajishikiza mahali ambapo mwenye kompyuta halioni, yaani kati ya feni na mapezi. Baada ya muda hufanyika tabaka zito kama kitambaa, na hewa haipiti tena. Kupuliza kwa nje kupitia tundu la kutolea hewa, jambo linalofanywa sana, mara nyingi hulirudisha lile tabaka kwenye feni yenyewe. Njia sahihi ni kufungua kifuniko cha chini, kuitoa feni, na kuliondoa tabaka hilo kwa brashi laini au kwa mkono. Ukipuliza kwa hewa yenye nguvu, shikilia mapanga ya feni yasizunguke, kwa sababu kuyazungusha kupita kiasi huharibu beringi zake. Wapo wanaotumia mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani. Naomba waache, kwani huweza kuzalisha umeme tuli ambao ni hatari kwa vipande vya ndani.

Iko pia ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na shaba ili joto livuke bila kizuizi. Baada ya miaka kadhaa hukauka au kusogea pembeni. Kuibadilisha si kazi ya siku nzima: unafuta ya zamani kwa spiriti safi, unapaka mpya kidogo tu, unarudisha skrubu kwa zamu bila kukaza upande mmoja kwanza. Kwa mashine iliyotumika miaka mitatu au minne bila kufunguliwa, kazi hii pamoja na kusafisha feni inaweza kuirudishia kasi ambayo mwenyewe alidhani imepotea, na gharama yake haikaribii hata kidogo bei ya bodi kuu mpya.

Kelele zenyewe zinatofautiana, na fundi mwangalifu husikiliza kwanza. Mvumo wa hewa unaopanda na kushuka kadiri mchezo unavyokuwa mzito ni wa kawaida. Sauti ya kukwaruza au kutetemeka, hasa kompyuta inapowashwa asubuhi, huonyesha beringi zimechoka na feni inapaswa kubadilishwa. Wateja wengi huniambia pia kwamba kompyuta hutulia ikiwa kwenye betri na kuvuma ikiwa kwenye chaja, kwa hiyo umeme wa nyumbani ni mbaya. Sivyo. Kompyuta nyingi za michezo hujipunguzia nguvu zenyewe zinapotegemea betri, na nguvu ikipungua joto nalo hupungua. Waulizwe kama mchezo ulikuwa ukienda kwa ulaini uleule bila chaja, na jibu huwa ni hapana.

Lipo jambo moja lisilogharimu hata shilingi, na ninashangaa kwamba halisemwi mara nyingi zaidi. Vioo vingi vya kompyuta zetu huonyesha picha 60 kwa sekunde, ila mchezo usipowekewa mpaka, kadi ya grafiki inaweza kuchora 150 au zaidi, hata mchezaji akiwa bado kwenye ukurasa wa kuchagua timu. Picha za ziada huwa joto tupu. Karibu kila mchezo una mahali pa kuweka kikomo hicho katika mipangilio yake; kiwekwe 60, na kwa mashine dhaifu hata 30. Katika Windows, mtu anaweza pia kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99 kwenye mipangilio ya umeme, na kwa kompyuta nyingi hatua hiyo huzima ile kasi ya ziada inayoleta joto jingi. Kisha kompyuta ikae juu ya meza ngumu. Ikiwekwa juu ya godoro au mto, matundu ya chini huzibwa na jitihada nyingine zote zinapotea.

Kwa wazazi ningependa kusema kwamba mchezo wenyewe hauharibu kompyuta iliyo safi. Kijana anayehariri video za harusi na kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) husababisha joto lilelile, na hakuna anayemgombeza. Kama mna sababu nyingine za kumpangia mtoto saa za kucheza, hizo ni haki yenu, lakini feni isifanywe kuwa shahidi wa utundu wake. Mkiona kibao cha kugusia kimevimba au kifuniko cha chini kimeinuka, hapo zimeni kompyuta mara moja na mwone fundi, kwani betri iliyoumizwa na joto imeanza kufura. Isitobolewe wala isikandamizwe.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye maduka ya kompyuta zilizokwishatumika. Mnazifuta kwa nje mpaka zinang'aa, na ndani zinabaki na vumbi la miaka yote ya mwenyewe wa kwanza. Zifungueni, zisafisheni, badilisheni pesti kabla ya kuziweka mezani, na mruhusu mnunuzi aendeshe mchezo kwa nusu saa hapohapo dukani, kompyuta ikiwa kwenye chaja. Naye mnunuzi aweke kiganja karibu na tundu la kutolea hewa. Upepo wa moto ukitoka kwa nguvu pamoja na kelele, mfumo wa kupoza unafanya kazi. Feni ikilia sana na upepo ukawa hafifu, njia imeziba, na asilipe mpaka izibuliwe.

Fundi wa kompyuta,
Kireka.