Barua kwa mwanangu aliyebadilisha padi za breki mwenyewe

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tororo. Huku hatujambo. Mvua imetukumbuka, mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini, na bibi yako anauliza kama huko mlimani Kapchorwa bado mnalala na soksi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote nikiwa dukani, simu juu ya kaunta, kwa hiyo na madereva wa malori waliokaa barazani wakisubiri foleni ya mpakani Malaba ipungue wameusikia. Ulipofika pale gari lilipokuponyoka likarudi kinyumenyume hadi kwenye migomba ya jirani, mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili. Nilicheka nao, sikufichi. Kicheko kilikatika uliposema Jumamosi unateremka nalo kuja huku, na mjukuu wangu yuko kiti cha nyuma.

Jumamosi usiteremke na gari hilo. Pandeni taksi mpaka Mbale, kutoka Mbale pandeni nyingine. Nauli nitalipa mimi. Sasa nikueleze kwa nini, na nimeona nikuandikie kwa karatasi maana sauti huwezi kuirudia mikono ikiwa na grisi.

Kwanza hili la huyo fundi aliyekucheka kwamba breki si kazi ya mwanamke. Achana naye. Mimi nimekaa kwenye kaunta hii ya spea tangu hujaanza shule, na wanaorudi na padi walizofunga vibaya karibu wote ni wanaume, tena wenye ovaroli. Padi za mbele za gari kama lako ni kazi ya kujifunzia nyumbani: kalipa moja, yaani kile chuma kinachozibana padi, boliti mbili za namba 14, unafungua ya chini, unainua kalipa juu, padi zinatoka. Ndiyo maana sikukatazi. Ila uwanja wa kujifunzia ni pale uani, si mteremko wa Sipi mnaoupita kuja huku.

Tuanze na jeki, maana hapo ndipo ulipopona kwa bahati tu. Uliinua gari kabla ya kulegeza nati, gurudumu likawa linazunguka na spana, nawe unazunguka nalo. Hilo ni la kucheka: nati hulegezwa gurudumu likiwa bado chini, halafu ndiyo unainua. Lisilochekesha ni matofali. Jeki ilizama kwenye udongo uliolowa, ukapanga matofali chini ya gari. Mwanangu! Tofali la udongo linabeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta umetulia na umeenea. Liwekee chuma cha gari kwenye ncha moja, linapasuka bila kuaga, na wakati huo kichwa chako kiko ndani ya matao ya gurudumu. Tafuta sehemu kavu iliyo sawa, weka kipande cha ubao mnene chini ya jeki, vuta hendibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, na ukishainua weka stendi za chuma. Huna stendi? Azima. Gereji yoyote wanazo. Na gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari, ili hata mambo yakiharibika gari liangukie gurudumu, lisikuangukie wewe.

Nakuja kwenye padi uliyoifunga kinyume. Umeniambia kwa sauti ya chini kabisa, nikajua unaona haya. Usione haya, ila uelewe umefanya nini. Padi ina pande mbili: upande mmoja bati la chuma, upande mwingine ule mchanganyiko mweusi unaosugua diski, lile sahani la chuma linalozunguka na gurudumu. Wewe ya nje ya kulia uligeuza, bati likatazama diski. Ni kama kupiga mswaki kwa upande wa mpini. Halafu ukaenda nayo sokoni na kurudi, ukidhani ule mlio wa kusaga ni padi mpya zinazozoea. Padi mpya hazilii hivyo, mwanangu. Zinaweza kunuka kidogo siku ya kwanza. Kusaga ni chuma juu ya chuma.

Kwa hiyo sasa una kesi mbili. Ya kwanza ni padi zenyewe. Usiigeuze ile ukaifunga tena, wala usibadilishe moja tu. Zote nne za mbele zitoke, kushoto na kulia, maana upande mmoja ukishika kuliko mwingine gari linavuta, na kwenye kona linavutia bondeni. Kesi ya pili ni diski. Pitisha ukucha kutoka ndani kwenda nje ya uso wake. Mikwaruzo midogo ambayo ukucha unaipita si neno. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, diski hiyo ichongwe au ibadilishwe, tena zote mbili kwa pamoja. Na kuchongwa kuna mpaka: unene wa chini kabisa umeandikwa kwenye diski yenyewe, kwa herufi ndogo za kugongwa, ni lazima uifute kutu ndipo uisome. Fundi apime kwa kipimo. Akipima kwa macho, chukua gari lako uondoke.

Kuna jambo nataka kuuliza. Duka lililokuuzia padi lilikuomba namba ya chesisi? Najua jibu. Wamekuuliza tu, “Premio?” ukasema ndiyo. Premio ya 240 si Premio ya 260, na wewe unayo 240, ya zamani, iliyoshuka Mombasa kabla ya ile sheria yetu ya Uganda ya 2018 iliyozuia kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15. Mtu akija kwangu namwambia alete padi kuukuu aliyoitoa. Naiweka juu ya mpya, bati kwa bati, natazama masikio, natazama matundu, natazama kile kijibati cha kupiga kelele kiko upande gani. Kijibati hicho kwenye magari mengi ya Toyota kinakaa kwenye padi ya ndani, ile inayosukumwa na pistoni, chuma cha duara kilicho ndani ya kalipa. Padi ikiisha kinagusa diski na kupiga filimbi, na hiyo filimbi ndiyo uliyokuwa ukiisikia mwezi mzima ukapandisha redio. Ukiwa na mashaka, unachungulia katikati ya rimu: padi mpya ina milimita kumi na kitu za ule weusi, na ikibaki milimita 3 hakuna cha kusubiri mshahara.

Halafu pistoni. Umesema ilikataa kurudi ndani, ukaisukuma kwa bisibisi, ghafla mafuta ya breki yakafurika kwenye tangi dogo na kumwagikia rangi. Hebu tufikiri pamoja. Padi zikiliwa, pistoni inasogea nje, mafuta yanaifuata, kwa hiyo usawa kwenye tangi unashuka taratibu. Hiyo si hasara, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Jirani yako, kwa wema wake, alikuta usawa umeshuka akaongeza hadi juu. Ulipoirudisha pistoni, mafuta ya zamani yakakuta nafasi imejaa. Siku nyingine fungua kifuniko, punguza kwanza kwa bomba la sindano, kisha weka padi kuukuu juu ya pistoni na ubane polepole kwa klampu. Bisibisi inachana ule mpira unaoikinga pistoni na vumbi. Utazame leo, ukiwa umechanika usiseme nitabadilisha mwezi ujao. Na pale yalipomwagika, mwaga maji mengi. Mafuta hayo yanakula rangi, na kupangusa kwa kitambaa kikavu ni kuyasambaza tu.

Lakini sikulala kwa sababu ya chupa ya jirani. Umesema ilikuwa imefunguliwa, imekaa kwenye kibanda chake, hakumbuki tangu lini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Aina ya DOT 3, ikiwa mpya kabisa, inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishakunywa maji inaweza kuchemka kwenye 140. Uani kwako hutaona tofauti yoyote. Mjini Kapchorwa pia hutaona. Utaiona ukiwa umeshuka robo ya mlima, mguu haujatoka kwenye breki, diski zimepata moto, mafuta yanachemka na kutoa mvuke, na mvuke unabanwa kirahisi, hausukumi kitu. Unakanyaga, pedali inazama. Madereva wa malori hapa barazani wote wanaijua hadithi hiyo, na waliowapoteza wenzao kwenye miteremko hawaisimulii wakicheka.

Na pedali yako imeshazama mara moja. Ile safari ya kwenye migomba haikuwa ushetani wa gari. Ulirudisha pistoni ndani kabisa, kukawa na nafasi kati yake na padi. Kila unapokanyaga, mafuta kidogo tu yanasogea. Ndiyo maana mtu akimaliza kufunga, kabla hajawasha gari, kabla hajatoa mawe, anakaa na kupampu pedali hadi iwe ngumu na isimame juu. Wewe uliwasha, ukaweka rivasi, ndipo ukatafuta breki. Mungu alipanda migomba hapo.

Yule kijana wa boda aliyekushauri upake oili kwenye padi zisipige kelele, ulifanya vizuri kumkatalia. Ila grisi uliyopaka kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake, ile ya kopo ya beringi, ifute. Mipira ya pini inavimba kwa grisi ya aina hiyo, kalipa ikakwama, padi zikaliwa upande mmoja. Iko grisi yake maalumu, kidogo tu, kwenye pini na nyuma ya bati pale linapogusana na chuma. Uso wa padi na uso wa diski haviguswi hata na kidole chenye mafuta. Na vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo, padi nyingine za zamani zina asbesto, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Osha kwa maji, acha ikauke.

Umesema pia kalipa ulikuwa umeiachia ikining'inia kwa mpira wake. Mpira huo ndio unaopitisha mafuta. Mwambie mtu akanyage pedali kwa nguvu huku wewe unautazama kwa tochi kutoka juu hadi chini. Ukiona uvimbe, ufa au unyevu, gari lisitoke uani. Siku nyingine funga kalipa kwa waya kwenye springi.

Sasa mpango. Kuna kifurushi nakutumia. Ndani mna padi nne za 240 nilizozilinganisha mwenyewe, kijitubu cha grisi ya pini, na chupa ya DOT 3 yenye lakiri. Lakiri ikiwa imevunjwa njiani usiitumie, nipigie. Padi utafunga wewe, kwa mikono yako. Kutoa mafuta ya zamani na kutoa hewa, hiyo mpe fundi anayeaminika, mfanye pamoja: wewe unakanyaga, yeye anafungua, na uone mafuta mapya yakitoka yakiwa safi bila mapovu. Nati za gurudumu kaza kwa mpangilio wa msalaba, si kwa kuzunguka duara. Toyota nyingi zinataka nguvu ya kukaza ya Nm 103. Kama huna spana ya kipimo, tumia ile ya gari kwa nguvu ya mkono, usiikanyage kwa mguu, na urudie kuzikagua baada ya kuendesha kidogo.

Diski zikishapimwa na kukubaliwa, zizoeshe padi hapo juu kwenye barabara iliyo tambarare, asubuhi, nyuma yako hakuna mtu. Nenda kilomita 50 kwa saa, punguza polepole hadi 10 bila kusimama kabisa, acha zipoe, rudia mara kadhaa. Siku utakapoteremka kweli, weka gia ya 2 au L tangu mwanzo wa mteremko, injini ishike gari, breki uzitumie kwa kukanyaga na kuachia. Wanaopiga honi nyuma yako waache wapite.

Kifurushi nampa dereva wa taksi ya Mbale kesho alfajiri, naye atampa mwenzake wa Kapchorwa. Nitakutumia namba ya gari kwa simu. Usimlipe mtu chochote, nimeshamaliza nao huku. Na Jumamosi mkija, niletee zile padi zote za zamani, pamoja na ile uliyoigeuza, nizione.

Mamako.