Fimbo niliyopewa na Babu hainifai, nimwambieje?

Ndugu Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Dodoma, na wasomaji wenzangu pia. Mimi ni fundi umeme, nina mke na mtoto mmoja, na jioni nikishafunga kazi huwa naenda kucheza snuka. Jambo linalonifanya niandike ni fimbo ya kuchezea. Naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu nyuma ya fimbo hiyo yupo mzee ninayemheshimu sana na sitaki kumvunja moyo.

Niwaeleze kidogo wasioujua mchezo wenyewe. Huku kwetu kinachojulikana na wengi ni pool. Zunguka Majengo, Kizota, Nkuhungu hadi Nzuguni, huwezi kukosa baa yenye meza, fimbo zimeegeshwa ukutani, zimepinda, ncha zimelika, na watu wanashindana nazo hivyo hivyo mpaka usiku. Mimi mwenyewe nilianzia huko. Snuka ni kaka yake mkubwa. Meza yake ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, mipira ni 22, yaani myekundu 15, ya rangi sita na mweupe wa kupigia, na kila mmoja una kipenyo cha milimita 52 na nusu. Ulianzia Jabalpur, India, mwaka 1875, kwa maofisa wa jeshi la Uingereza, kisha ukasambaa pamoja na klabu za wakoloni. Ndiyo maana meza zake hapa nchini ni za kuhesabu. Kwenye meza ya baa unaweza kupiga ovyo kidogo na mpira ukaingia. Kwenye snuka mdomo wa shimo umeviringwa, mpira ukigusa kona vibaya unatemwa, na mara nyingi unapiga kutoka mwisho mmoja wa meza kwenda mwisho wa pili. Hapo ndipo mtu anapoanza kuijali fimbo.

Sasa huyo mzee. Pale ukumbini wote tunamwita Babu, ingawa si ndugu yangu wa damu. Ni mstaafu wa reli, na mji huu, kama mnavyojua, ulikua na reli. Ndiye aliyenifundisha kusimama, kushusha kidevu mpaka kiguse fimbo, na kutulia kabla ya pigo la mwisho. Hakunitoza hata shilingi. Fimbo yake alipewa miaka ya sabini na karani mwenzake, Mgoa, aliyekuwa anahama nchi. Macho ya Babu yalipoanza kupungua nguvu, aliniita mbele ya watu akanikabidhi fimbo ile, akasema yeye sasa atakuwa mtu wa kutazama tu. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Baadhi ya waliokuwa wakisubiri kupewa walikuwa wamecheza naye kabla mimi sijazaliwa.

Ngoja niieleze ilivyo, maana wenye macho ya mbao wataelewa. Ni kipande kimoja, haina kiungo cha kufungua. Sehemu nyembamba ni ya mti wa Ulaya uitwao ashi, wenye nyuzi nyeusi zinazochora mishale kuelekea kwenye ncha, na ukiinama juu yake mishale ile inakusaidia kulenga. Shina ni mbao nyeusi iitwayo eboni, iliyounganishwa kwa mikono, ikapanda ndani ya ule mti mweupe kwa mikuki minne. Mwishoni ipo pete ya shaba, imelika upande mmoja. Mahali kidole gumba cha Babu kilipokaa miaka yote hiyo pamebonyea kidogo, panang'aa. Kila mwisho wa wiki alikuwa akiipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, anaikausha, kisha anaipaka mafuta ya linsidi kidogo sana, anasugua kwa kiganja mpaka mbao ipate joto. Kazi hiyo naifanya mimi siku hizi na ninaipenda.

Iviringishe juu ya meza uone. Haitikisiki, haichezi ncha, imenyooka kabisa. Hilo kwa Dodoma ni jambo kubwa. Niliwahi kununua fimbo mpya Kariakoo, ya vipande viwili, ya ule mti wa Kanada ambao jani lake liko kwenye bendera yao. Dukani ilikuwa imenyooka. Nikapanda nayo treni ya SGR, nikaja nayo huku juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua zilikuwa zimeshakatika. Kabla ya Agosti ilikuwa imepinda upinde unaoonekana kwa macho. Sababu si uchawi. Mbao iliyokaa kwenye unyevu wa pwani ikiletwa kwenye ukavu wetu inatoa maji, inasinyaa, na kama nyuzi zake hazikukaa sawa upande mmoja unasinyaa kuliko mwingine. Fimbo ya Babu imekaa Dodoma miaka mingi, imeshamaliza kucheza.

Basi tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba haikutengenezwa kwa mwili wangu. Babu ni mtu mfupi, na fimbo ina inchi 55. Mimi ni mrefu na mikono yangu ni mirefu. Fimbo nyingi za snuka huwa na inchi 57 au 58, na kipimo cha kawaida ni kuisimamisha pembeni yako, mwisho wake uje kati ya kwapa na bega. Hii kwangu inaishia chini ya hapo. Nikijinyoosha, mkono wa nyuma unafika mwisho kabisa wa shina na kidole changu cha mwisho kinabaki hewani, hakina cha kushika. Halafu ni nyepesi, haifiki hata gramu 460, na msasa wa miaka mingi umeila ncha mpaka milimita 8 na nusu. Mipira ya karibu naiingiza vizuri, ncha nyembamba inanipa raha nikitaka kuuzungusha mpira mweupe. Lakini pigo refu linalohitaji nguvu linanilazimu kusukuma kwa bega, na bega likiingia mpira umeshapotea. Kisheria haina kosa, kwa kuwa kanuni zinataka tu fimbo isipungue futi 3. Kosa liko kati yangu na yenyewe.

Pale ukumbini wapo wanaosema fimbo haina makosa, makosa ni ya mkono. Sikubaliani nao, na sitakubali. Anayesema hivyo hajawahi kushika fimbo inayomfaa. Mwezi Aprili alikuja kaka mmoja kwa shughuli za Bunge la bajeti, akawa anapita ukumbini jioni na fimbo yake iliyotengenezwa Uingereza. Inchi 58, gramu kama 510, ncha ya milimita 9 na nusu, ya ashi na eboni vilevile, ila ina kiungo robo tatu ya urefu, hivyo inaingia kwenye mkoba. Aliniazima mchezo mmoja. Nilipouweka mkono wa nyuma, ulikaa wenyewe mahali pake. Nikapiga myekundu wa mbali, wa meza nzima, bila kutumia nguvu, nikausikia ukiingia katikati ya shimo bila kugusa kona. Nikaendelea, nyekundu, nyeusi, nyekundu, bluu, na breki ile, yaani pointi za zamu moja bila kukosa, ndiyo kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Kaka yule yuko tayari kuniuzia kwa laki sita kabla hajaondoka. Nikiagiza mpya kutoka Uingereza, nikijumlisha usafiri na ushuru, sifiki huko kwa pesa nilizo nazo, na tena ni kuagiza kitu ambacho sijakishika. Pesa ya hii ninayo, mke wangu anajua na ameridhia. Kwa hiyo upande wa pesa sina la kuuliza.

Ninachouliza ni Babu. Kila jioni yupo pale, kiti chake kiko karibu na mwanga. Nikiingia nasema, "Shikamoo Babu," naye anaitika, "Marahaba mjukuu wangu, fimbo haijambo?" Macho hayaoni vizuri lakini masikio yanasikia, na anautambua mlio wa fimbo yake ikigonga mpira. Siku niliyocheza na ile ya mgeni alinyamaza mchezo mzima. Mwishoni aliniambia tu nimepiga vizuri. Sikujua amesema kwa moyo gani, na mpaka leo sijui.

Kwa mila zetu zawadi ya mkubwa hairudishwi, na nikimrudishia mbele ya watu itakuwa kama nimemwambia haikuwa na thamani. Nikiiacha nyumbani ukutani, atauliza iko wapi. Nikiendelea kuichezea, nakubali kubaki hapa nilipo, na mimi nataka kwenda mbali, nataka nikikutana na wachezaji wa Dar es Salaam na Arusha wasinione mtu wa kupita.

Mzozo wa ukumbini umenichanganya zaidi. Wanaotaka ninunue wananitajia Stephen Hendry wa Scotland, bingwa wa dunia mara saba kati ya 1990 na 1999 kwa fimbo ya bei ya chini aliyoanza nayo akiwa mtoto. Mwaka 2003 ilivunjika safarini kwenye ndege, na mwaka huohuo akatwaa mashindano ya British Open akiwa na fimbo nyingine. Wanaonikataza wanajibu kwamba ubingwa wa dunia hakuupata tena, kisha wananitajia Alain Robidoux wa Kanada, aliyefika nusu fainali ya dunia mwaka 1997, fimbo yake ikaharibiwa ikiwa kwa fundi, na hakurudi tena kwenye kiwango kile. Mimi naona hadithi hizo mbili hazinihusu sana. Wale walipokonywa fimbo zilizowafaa. Mimi nimepewa isiyonifaa na mtu anayenipenda.

Ipo njia ya tatu, na hii ndiyo inayonisumbua usiku. Fundi seremala mmoja wa hapa mjini, mtu makini, aliwahi kunitengenezea fimbo ya mninga. Ilinyooka na haikupinda kiangazi chote, maana mninga ni mbao tulivu, ila ilikuwa inalegea kwenye ncha nikipiga kwa nguvu. Sasa anasema anaweza kuirefusha fimbo ya Babu. Atatoboa shina kwa nyuma, aweke skrubu ya shaba, kisha aongeze kipande cha inchi tatu cha mpingo. Mpingo wetu na eboni ile ni miti ya koo tofauti, lakini weusi wake hautapishana sana, na kwa kuwa mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, uzito nao ungepanda kuelekea ninaoutaka. Anasema kazi ni ya siku moja. Wasiwasi wangu ni kwamba akishatoboa hakuna kurudi nyuma, na uzito ukijaa wote nyuma, ncha inaweza kuwa nyepesi mno mkononi. Juu ya hayo, ni kutia kekee kwenye kitu ambacho Babu alikitunza zaidi ya nusu karne bila kukitoboa.

Mke wangu anasema niende nyumbani kwake, si ukumbini, nikae naye peke yangu nimwambie ukweli wote. Rafiki yangu anasema nimpitie binti yake mkubwa kwanza, kwa sababu mzee wa umri ule hataki kushtukizwa. Mimi naelekea upande wa mke wangu, ila sijui nianze na maneno gani, wala kama niende kabla ya kununua au baada.

Kwa hiyo naomba ushauri wenu. Wewe Mshauri, na wazee mnaosoma: kama ungekuwa wewe uliyetoa zawadi hiyo, ungependa kijana akuambie namna gani? Je, kumwomba ruhusa ya kuirefusha ni heshima kuliko kununua nyingine, au ni kumwongezea maumivu? Na ninyi mnaojua mbao na fimbo: kipande cha mpingo kilichofungwa kwa skrubu nyuma ya eboni kavu ya miaka hamsini kitashika kwenye kiangazi cha Dodoma, au kitapasua shina? Bunge linaahirishwa mwisho wa Juni na yule kaka ataondoka na fimbo yake, kwa hiyo nitashukuru mkinijibu mapema.

Mjukuu wa Babu,
Dodoma