Kengele ya betri ifungwe kwenye betri, si kwenye inveta

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa sola, pamoja na wenye maduka, shule na zahanati wanaotulipa. Vile vifaa vidogo vya kupima betri vyenye kengele vinafungwa sana siku hizi, na haupiti muda mwenye jengo anakata waya wa kengele kwa kuchoshwa na kelele. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila kimefungwa pasipo mahali pake.

Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi) nyingi huungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo kontrola ya chaji (inayosimamia umeme kati ya paneli na betri) haiwezi kuikatia umeme. Yenyewe hujizima karibu na volti 10.5, na betri ya maji ya volti 12 ikishushwa hadi huko kila usiku inakufa mapema. Betri iliyotulia ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, 11.8 imekwisha. Kengele inatakiwa iwahi huku juu.

Fundi huchomeka nyaya za kifaa kwenye inveta kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Hebu tupige hesabu: waya wa shaba wa milimita za mraba 10, mita 3 kwenda na 3 kurudi, una ukinzani wa kama omu 0.01. Mzigo wa wati 600 unavuta takriban ampea 55, hivyo karibu volti 0.6 zinapotea njiani. Betri ina 12.3, kifaa kinasoma 11.7, kengele inapiga kelele saa mbili usiku na betri bado ina nusu yake.

Nyaya za kipimo zitoke kwenye vichwa vya betri vyenyewe, za milimita za mraba 0.75 au 1, zisibebe kitu kingine. Kifaa kinatumia kama miliampea 20 tu, kwa hiyo hata ukizivuta mita 10 unapoteza volti 0.01. Basi kengele ikae anapokaa mtu. Chumba cha betri si mahali pake, maana mvuke wa asidi unakula sakiti. Kwenye chanya weka fyuzi ya ampea 1, isizidi sentimita 15 kutoka betri. Inalinda waya, kwani shoti ya betri ya Ah (ampea-saa) 100 kwenye waya mwembamba namna hiyo ni moto. Vua pete na saa, zima chaji na mizigo (betri inayochaji hutoa haidrojeni, cheche moja inatosha), na fyuzi iingie mwisho kabisa. Kisha pima na mita kichwani mwa betri. Tofauti ikizidi 0.1, zungusha kiskrubu cha nyuma. Kama hakipo, iweke hesabuni unapopanga namba ya kengele.

Ya chini ipange 12.0, na ichelewe sekunde 60, kwa sababu friji au pampu ikiwaka huishusha betri kwa muda mfupi tu. Namba ya kuacha kulia iwe 12.6. Ukiweka 12.1, mtu akizima taa mbili betri inajirudi bila kuingia chaji yoyote, kengele inanyamaza, inalia tena. Nunua chenye kitufe cha kunyamazisha. Ya juu, ya kuonya chaji ikizidi, weka 15.0.

Kwa volti 24, betri mbili za 12 zikiungwa mfululizo, kila moja ipate kifaa chake. Moja ikiwa 12.8 na nyingine 11.6, jumla ni 24.4 na hakuna atakayeshtuka. Betri za lithiamu usizipime kwa volti: hukaa karibu 13.2 muda mrefu, kisha zinaporomoka. Hizo zinataka kihesabu ampea chenye shanti (kipande cha ukinzani mdogo cha kupimia mkondo) kwenye hasi, na hasi zote, za mizigo na za chaji, zipite humo. Ukisahau moja hesabu nzima ni uongo.

Miliampea 20 ni Ah 14 kwa mwezi. Shule inapofungwa na paneli zimezimwa, toeni na fyuzi ya kifaa.

Fundi sola,
Morogoro